Likizo Niliyokataa Kuipeleka Nyumbani

Safari hii ilianza kwa sababu ya mahema. Mama alinipigia simu kutoka Nyamira akanieleza kwamba ameshakodi mahema mawili, amezungumza na mchungaji, na kwaya ya akina mama imeanza mazoezi. Likizo yangu ikifika kutakuwa na ibada ya kumshukuru Mungu kwa kunilinda Dubai. Alisema yote hayo kabla hajaniuliza kama ninakuja. Kwetu mtu haulizwi. Ukifanya kazi Ghuba, likizo yako ni mali ya ukoo, na wewe ni mchukuzi tu wa kuifikisha.

Mimi ni mlinzi. Nasimama kwenye ukumbi wa mapokezi wa jengo moja refu kule Jumeirah Lake Towers, viatu vyeusi, nywele zimebanwa, good morning sir, good evening madam. Nikisema nasimama, nasimama kweli, maana mlinzi wa ukumbini haruhusiwi kuketi. Likizo zangu mbili zilizopita nilizipeleka nyumbani, na huko nako nilisimama. Nilisimama kupokea wageni, nikasimama kupakua chakula, nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Jirani akija jioni kunijulia hali, wa kumchemshia chai alikuwa nani? Mimi mwenyewe niliyekuja kujuliwa hali. Mara ya pili niliporudi kazini, Proscovia, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, alinitazama akaniuliza kama nimetoka likizo au jela.

Basi safari hii nilimwambia mama kwamba siji, ninakwenda kisiwani kulala.

“Kulala na nani?”

“Peke yangu, mama. Kulala usingizi.”

Kisha akasema mahema hayarudishwi, ibada itakuwepo, na kama mimi naona usingizi ni bora kuliko yeye, basi nisimpigie simu. Akakata. Katika miaka yangu yote ya Dubai mama hakuwahi kunikatia simu, na iliniuma vibaya sana. Nilijua naweza kurudi kutoka kisiwani nimepumzika vizuri na sina tena mama wa kuongea naye. Tiketi sikuibadili. Najua baadhi yenu mlioko nyumbani mtakunja uso mkisoma hapa. Kunjeni tu.

Kisiwa nilichokitamani kwanza kilikuwa cha Karibiani. Kwenye skrini ya pale ukumbini kulikuwa na tangazo la mtu amejilaza pwani, kofia usoni, hana habari na dunia. Nimemtazama mtu yule kwa miaka huku miguu ikiniwaka moto ndani ya viatu. Lakini Karibiani ni mbali, na njia yake inapita nchi zinazotaka viza hata ya kupumua uwanjani kwao. Maldivi ndege inatoka hapa hapa Dubai, na paspoti yetu wanaigongea muhuri ukishafika. Nikasema mchanga ni mchanga.

Al Qusais, Dubai, alfajiri ya Jumatatu. Basi la kampuni lilikuwa limeshapiga honi chini ya jengo letu la wafanyakazi, na Proscovia alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliniona na begi langu la mgongoni akaacha kufunga.

“Banange, Kemunto. Na mizigo?”

“Ndiyo hii.”

“Hii ni ya mtoto wa shule. Blanketi wapi? Masufuria wapi?”

“Siendi kwa watu. Naenda kwangu mwenyewe.”

Alicheka mpaka dereva akapiga honi ya pili. Alipofika mlangoni aligeuka na kunisihi nisimkasirishe mama kupita kiasi, maana hasira ya mzazi inafuata mtu hata baharini. Nilimwambia itafuata, itakuta nimelala.

Nilipanda metro ya laini ya kijani, nikabadilisha, nikafika uwanja wa ndege mapema mno, kwa mazoea ya kazi. Mstari wa Nairobi ulikuwa kando ya wetu. Wakenya wenzangu walikuwa wanasukuma maboksi yaliyozungushiwa utepe wa gundi, televisheni, mazulia yaliyokunjwa, na kila mmoja anahofia mizani. Mama mmoja mwenye mabegi matatu aliniona na kibegi changu uso ukamchangamka.

“Sister, nisaidie na kilo zako. Wewe huna kitu.”

“Siendi Nairobi, mama.”

“Unaenda wapi basi?”

“Kisiwani. Kupumzika.”

Alinitazama kwa huruma ya msibani. “Aki pole. Kwani nyumbani hakuna mtu?”

Nilimjibu kwamba watu wako, tena wengi, na ndiyo maana. Lakini nikiri kwamba mstari ule ulinivuta. Walikuwa wanacheka kwa sauti za kwetu, mtu anamuuliza mwenzake anashukia wapi akifika, nani anakuja kumpokea. Mimi hakukuwa na wa kunipokea. Nilikaza macho mbele mpaka nikaitwa.

Maldivi, adhuhuri. Uwanja wenyewe uko kisiwani, ukitoka mlangoni unakutana na bahari na mashua badala ya teksi. Afisa wa uhamiaji, kijana mpole, alipekua paspoti yangu akauliza kazi yangu. Nikamwambia mlinzi, Dubai.

“Na hapa umekuja kazi gani?”

“Hakuna. Nimekuja kukaa.”

Alitazama tiketi yangu ya kurudi, akagonga muhuri. “Basi karibu ukae,” akasema, bila hata kutabasamu.

Kwenye gati mambo yaligeuka. Jamaa mmoja mwenye kibao cha hoteli alikuwa anapanga watu, wageni kushoto, wafanyakazi wapya kulia. Upande wa kulia walikuwepo vijana wa Bangladeshi na wasichana wawili Wahindi, kila mmoja na begi lake. Jamaa alinitazama usoni, akatazama begi, hakuuliza kitu. “Wafanyakazi huku,” akanionyesha kulia. Na mimi, hili ndilo lililoniudhi zaidi, nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kulia kabla akili haijafika. Miguu imezoea kupangwa.

Nikasimama. “Mimi ni mgeni.”

“Mgeni wa nani?”

“Wa pesa zangu.”

Akasema kwa upole kwamba boti la wafanyakazi linaondoka sasa hivi na madam wao hapendi wachelewaji. Nikaweka begi chini katikati ya gati, nikalikalia, nikamwambia siendi hotelini kwao hata kama mgeni, nina nyumba yangu ya kufikia kwenye kisiwa kingine, na boti langu nitalingoja papo hapo. Watu wakawa wananizunguka na mabegi yao ya magurudumu. Jamaa aliona aibu, akaniletea chupa ya maji. Nikaipokea, nikasema asante, na sikubanduka.

Kisiwani, alasiri. Kilikuwa kisiwa kidogo cha watu wa kawaida, siyo cha hoteli, barabara za mchanga mweupe, msikiti mmoja, shule moja, maduka mawili yanayouza vitu vile vile. Mwenyeji wangu aliitwa Hawa, mwanamke wa makamo mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Aliniambia nimwite Hawa tu. Nilikataa, kwetu mtu wa umri ule haitwi jina tupu, nikamwita Mama Hawa mpaka siku ya kuondoka, naye akazoea. Tulielewana kwa Kiingereza chake na changu, na pale vilipogoma, kwa Kiarabu cha kuokotaokota ambacho mimi nimekitoa kazini na yeye kwenye vyuo vya Kurani.

Barazani kwake kulikuwa na kitanda cha mbao kilichoning’inizwa kwa minyororo, cha kubembea. Nilikiona tangu getini, nikasema moyoni kwamba kile ndicho kitu changu.

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya adhana, kama kawaida, nikaoga, nikabana nywele. Nilitoka barazani niwaze la kufanya. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama kando yake, mikono nyuma. Sikupanga. Walitoka Mjerumani mmoja na mkewe wakienda kuogelea, nikawafungulia geti, good morning sir, good morning madam. Yule bwana akanikabidhi funguo za chumba chao kwa adabu kabisa. Nikazipokea. Mgeni mwingine akauliza taulo ziko wapi, nikaenda kuzianua kambani nikamletea. Nakwambia nilifanya zamu pale, na nilikuwa naifanya vizuri.

Mama Hawa alirudi kutoka dukani akanikuta nimesimama wima, funguo mkononi.

“Nani kakupa hizo?”

“Wageni.”

“Na wewe nani?”

Alizichukua funguo, akanishika kifundo cha mkono, akaniketisha kwenye kitanda cha kubembea. Nikaomba radhi, nikataka kunyanyuka nimsaidie mfuko wa unga. “Kaa,” akasema. Akapita mtu wa kusoma mita ya umeme, nikanyanyuka. “Kaa.” Ikawa hivyo mpaka chai ikaiva, kila anayepita mwili wangu unaruka kabla yangu, na kila nikiruka Mama Hawa ananirudisha kwa neno hilo moja. Mwishowe alichoka akakaa karibu yangu na kuniwekea mkono wake pajani, kama anavyozuiwa mtoto garini.

Wale Wajerumani waliporudi, bwana alininyooshea kiganja apewe funguo. Nilishika mnyororo wa kitanda, sikunyanyuka.

“Mimi ni mgeni, kama wewe,” nikamwambia. “Funguo anazo Mama Hawa.”

Akawa mwekundu hadi shingoni. Aliomba radhi sana, mkewe naye akaomba, hata nikaanza kuwaonea huruma. Nilipoona huruma hiyo inataka kuninyanyua nikawachotee maji ya kunawa miguu, niliegemea nyuma nikafumba macho.

Siku zilizofuata sina kubwa la kuwasimulia, na hilo ndilo nililolipia. Asubuhi Mama Hawa alitengeneza samaki jodari aliyechambuliwa, akachanganya na nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, tukala kwa chapati nyembamba. Nikimaliza nililala tena. Kisiwa kile kina viti vingi kuliko watu. Kando ya kila barabara kuna viti vya vyuma vilivyosukwa kwa kamba, chini ya miti, na yeyote anakaa bila kuulizwa ana shida gani. Baada ya alasiri wanawake walinisogezea nafasi. Tulikuwa na salamu tu kwa pamoja, salamu ikiisha tulikaa. Baharini niliingia na fulana na leso, kwa sababu ufuo wa kijiji hauruhusu nguo za kuogelea, na kwa sababu mimi ni mtu wa milimani, siogelei. Nilikaa ndani ya maji mpaka kifuani. Vidonda vya viatu kwenye visigino viliwasha siku ya kwanza, ya pili havikuwasha tena.

Kuna jambo lilinisumbua, nami sitaki kujifanya sikuliona. Mimi nilikuwa nimekaa, lakini Mama Hawa alikuwa jikoni. Nilimwambia hivyo.

“Hii ni kazi yangu,” akasema, “na ina mwisho. Ikifika magharibi nafunga jiko. Mgeni mwenye njaa baada ya hapo dukani kuna biskuti.”

Nilimwonea wivu.

Jumapili ya mahema nilikuwa barazani. Mara tatu nilifungua jina la mama kwenye simu, mara tatu nikalifunga. Mchana akapiga kaka yangu Nyakundi, kwa video. Nyuma yake kwaya ilikuwa inaimba na watoto wanalia.

“Sister, kwani uko aje? Watu wamejaa huku. Pastor anataka uwasalimie, naweka simu kwa maikrofoni, uongee tu kidogo.”

“Mama anajua umenipigia?”

“Mama amesema hana mtoto wa kisiwani. Lakini si unajua mama. Ngoja nikuonyeshe.”

Akazungusha simu. Niliona hema la wazee, hema la kwaya, wanaume wa boma letu wameketi mstari wa mbele na sahani magotini. Nikamwona mama akipita nyuma yao na birika. Nikamwambia Nyakundi azungushe tena. Akazungusha, mama alikuwa anapakua wali. Nikamwambia azungushe tena, naye akafikiri nafurahia. Mama alikuwa ameinama anaokota vikombe.

“Amekaa saa ngapi leo?”

“Nani?”

“Mama. Leo amekaa saa ngapi?”

“Kwani mimi najua? Ni sherehe yake.”

“Mpe kiti.”

“Na chai atapeana nani?”

“Wewe. Mikono unayo miwili, mmoja umeshika simu tu.”

Akaniuliza kwa hasira kama mimi, niliyejilaza huko na wazungu, ndiye wa kuwapa amri wao walioacha kazi zao kuja kuniombea. Nikamjibu ndiyo, ni mimi, na kwenye maikrofoni siongei. Akakata. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile nilipolia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu niliona nimejitoa mimi tu kwenye lile birika na nimemwachia mama alibebe. Mama Hawa alikuja akakaa nami. Jiko lilikuwa halijafungwa, lakini aliliacha likae hivyo hivyo mpaka nikamaliza.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi gatini. Boti lilipokaribia, kijana wa boti aliniuliza kama nabebewa begi. Kwa kawaida ningesema hapana, naweza mwenyewe. Nilimpa. Mama Hawa akacheka kimya kimya, akaniambia sasa naweza kwenda.

Dubai, jioni. Joto la pale lilinipokea mlangoni kama mtu aliyekuwa anadai. Kule Al Qusais, Proscovia alinikagua toka juu hadi chini akasema nimenenepa mashavu. Kisha akauliza kama mama amepiga. Nikatikisa kichwa. Akaniambia pole, na hakusema tena habari ya hasira ya wazazi.

Kesho yake nilirudi ukumbini. Sikubadilika kuwa mtu mwingine, sakafu ni ile ile na viatu ni vile vile. Ila wakati wa mapumziko sir, msimamizi wetu, alinikuta nimeketi kwenye ngazi za nyuma akasema nimalizie haraka, kuna wageni. Nikamwambia mapumziko yangu hayajaisha, nitakuja yakiisha. Alinitazama, akasema khalas, yaani basi, akaenda. Nilichojifunza ni hicho. Kazi inaweza kuninunua miguu kwa saa zake, na nyumbani kunaweza kunipenda kwa saa zote, lakini hakuna hata mmoja kati yao atakayenipangia siku ya kukaa. Ile naipanga mimi. Anayeona ni kiburi, aone.

Ijumaa ya pili baada ya kurudi, mchana, simu ililia nikiwa chumbani. Ilikuwa mama. Hakusalimia. Alianza moja kwa moja, kwa sauti ile anayotumia akimhoji mtu wa kuuza mbolea.

“Huko kisiwani nani alikuwa anapika?”

“Mwenye nyumba, mama.”

“Na vyombo?”

“Yeye pia.”

“Maji ya kuoga nani alikuwa anachota?”

“Yanatoka ukutani.”

“Sasa wewe ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nimekaa.”

“Siku zote?”

“Siku zote.”

Nilisubiri anikatie. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake kuku, na mbali kidogo mtu anagongagonga sufuria.

“Nyakundi alinitolea kiti mbele ya watu,” akasema. “Akaninyang’anya birika. Kanisa lote likanitazama.”

“Ukakaa?”

“Ningefanya nini, na birika amechukua. Ile chai yake ilikuwa maji tupu.”

Sikuthubutu kucheka. Nikamwambia pole. Akasema si mambo ya pole, na akarudi kunihoji: kama kitanda kilikuwa na neti, kama hao watu wanakula ugali, kama mtu asiyejua Kiingereza anaweza kukaa huko asipotee. Nilimjibu yote. Nikamwambia hata mimi na wanawake wa kule hatukuwa na lugha moja, tulikaa tu.

“Tangu niolewe,” mama akasema, tena kwa ukali, kana kwamba bado ananigombeza, “sijawahi kuamka kwa nyumba ambayo moto umewashwa na mtu mwingine.”

Nilikaa kitandani, simu sikioni.

“Kemunto.”

“Naam, mama.”

“Hiyo paspoti inachukua muda gani kutoka?”